Watoto wa mine wajifunze Kiingereza kwa kutengeneza, wasikopie paka tablo



Kila wakati syndicat inaingia mu mazungumuzo na kampuni, tuko na orodha yetu: mushahara, prime ya kazi ya usiku, dawa ya familia, transport, viatu vya kazi. Orodha hiyo ni ya haki na hatutaiacha. Lakini leo tunataka kuongeza mustari mumoja ambao hatujazoea kuuweka pale: namna watoto wetu wanafundishwa Kiingereza ku masomo, na vyombo gani mwalimu wao iko navyo mu mukono.

Tunajua wengine watacheka. Watasema: "Syndicat imekosa kazi? Sasa banaingia mpaka mu mambo ya bamwalimu?" Tunawaomba wasome mpaka mwisho, kisha wahukumu.

Kiingereza kinatugusa wapi?

Huku kwetu, kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kupitia Fungurume na Likasi, Kifaransa ni lugha ya masomo na ya serikali. Kiswahili ni lugha ya nyumba, ya soko na ya équipe. Lakini panda mu cabine ya benne kubwa, ao simama mbele ya ecran ya usine. Maandiko mingi utakuta pale ni ya Kiingereza. Kitabu cha mashine, Kiingereza. Fundi wa kigeni anayekuja kuitengeneza, mara mingi anaongea Kiingereza, hata kama kwao wanaongea Kichina, Kihindi ao Kireno.

Siku ile ecran inaandika "LOW BRAKE PRESSURE", chauffeur iko na sekunde kidogo tu za kuelewa kama breki inapoteza nguvu. Anayejua anasimamisha mashine. Anayekisia anaendelea kushuka mu shimo. Hapo Kiingereza kinakuwa sehemu ya usalama, sawa kofia na gilet. Ni kweli, tunaendelea kudai maonyo yote yaandikwe mu Kifaransa na mu Kiswahili, juu mufanyakazi iko na haki ya kuelewa hatari mu lugha anayoisikia. Lakini kudai hivyo hakutuzuie kutayarisha watoto. Madai yanaweza kuchukua miaka, na mutoto anakomaa kila siku.

Kisha kuna kazi yenyewe. Shaba na cobalt yetu inapita Kasumbalesa, inavuka Zambia, inafika ku bandari za Dar es Salaam na Durban. Zambia inatumia Kiingereza mu serikali na mu masomo tangu ilipata uhuru mu mwaka 1964. Mu mwaka 2022 inchi yetu iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki: mukataba ulitiwa sahihi mu mwezi wa 4, na mu mwezi wa 7 tukawa memba kamili. Mu jumuiya hiyo Kiingereza njo lugha ya makaratasi tangu mwanzo. Mutoto wa Kitwe ao wa Ndola anafika mbele ya muzungu wa kazi akiwa tayari na lugha hiyo mu kinywa. Mutoto wetu anafika na diplome, lakini wakati wanamuuliza maneno mawili, anaangalia chini. Hatusemi hivi kwa kuchukia Wazambia. Ni ndugu zetu, wengi wetu tuko na mashangazi ng'ambo ile ya mupaka. Tunasema tu kama nafasi haziendi kwa mwenye nguvu zaidi, zinaenda kwa mwenye kujieleza.

Kukopia ku tablo hakutoshi

Tuangalie saa moja ya Kiingereza mu sekondere ya kawaida. Mwalimu iko na chaki na kitabu kimoja cha zamani. Mbele yake kuna watoto 60. Anaandika kitendo kimoja ku tablo, watoto wanakikopia mu kaye. Anaandika maana yake mu Kifaransa, wanakopia tena. Kengele inalia. Miaka inapita hivyo mpaka Examen d'État. Mwisho mutoto anaweza kukuandikia mustari mureefu wa vitendo, lakini hawezi kumuelekeza mugeni njia ya kufika ku hopitali.

Hatumulaumu mwalimu. Yeye pia ni mufanyakazi kama siye, na mara mingi mushahara wake unachelewa kupita wetu. Anafundisha sawa vile alifundishwa. Lakini siye watu wa mine tunajua jambo moja: hakuna mutu alijifunza soudure kwa kukopia neno "soudure" mara mia. Fundi anamupa mwanafunzi masque na baguette, anamuambia: "Shona hii." Mustari wa kwanza unatoka mubaya. Wa pili unanyooka kidogo. Kisha wiki mbili, mukono umeelewa. Lugha ni hivyo hivyo. Ni kinywa na mukono vinavyojifunza, na vinajifunza kwa kutengeneza kitu.

Vyombo gani tunasemea?

Leo kuna programu ku telefone na ku ordinatere ambazo mwanafunzi anatumia ili atengeneze kazi yake mwenyewe mu Kiingereza. Hatusemi juu ya kuangalia video. Kuangalia video ni kama kuangalia fundi anafanya kazi: inapendeza, lakini haikupe ufundi. Tunasemea vyombo ambavyo mutoto anaingiza maneno yake, sauti yake na michoro yake, na ku mwisho anatoa kitu ambacho mwenzake anaweza kusoma ao kusikia. Tutaje vinne.

Cha kwanza ni bande dessinée. Kongo ni inchi ya bande dessinée. Barly Baruti, mwana wa Kisangani, anajulikana mpaka Ulaya kwa michoro yake. Watoto wetu wanapenda jambo hilo bila kulazimishwa. Kuna programu kama Canva, iliyozaliwa Australia, ambayo inawapa walimu wa primaire na sekondere sehemu ya bure. Mwanafunzi anachagua picha, anapanga viboksi, anaandika maneno mu puto. Puto ni ndogo, haipokee maneno mingi. Hiyo njo faida yake: mutoto analazimika kutafuta neno moja la kweli, hawezi kujaza ukurasa na maneno ya bule.

Cha pili ni sauti. Karibu kila telefone yenye ecran iko na mahali pa kushika sauti, na haiombe intaneti. Watoto watano wanaandika mchezo mufupi: mama anauzisha mihogo ku Kasumbalesa, dereva mugeni anataka kupunguza bei. Wanauongea, wanaushika, wanajisikiliza. Mutoto akisikia sauti yake mwenyewe, anagundua kosa mbele mwalimu hajasema kitu. Kama masomo iko na ordinatere, programu ya bure ya Audacity inakata na kuunga sauti, na mchezo unakuwa kama emission ya radio.

Cha tatu ni kitabu. Mu Afrika ya Kusini walianzisha African Storybook mu mwaka 2014: hadithi za watoto mu lugha mingi za Afrika, na mu Kiingereza na Kifaransa. Mwalimu anaweza kuzisoma, kuzitafsiri, kuzibadilisha, kuandika mpya, na kuzichapisha ku karatasi, bila kulipa. Wahindi nao walifungua StoryWeaver mu 2015, kazi ni ile ile. Fikiri mutoto anayemuuliza bibi yake hadithi ya sungura mu Kiswahili, mu Kisanga ao mu Kibemba, kisha anaiandika mu Kiingereza na michoro yake. Lugha ya bibi haiuawi. Inakuwa mulango wa kuingilia mu lugha nyingine.

Cha ine ni Scratch, iliyotoka ku chuo kikuu cha MIT, Marekani, mu 2007. Mutoto anaunganisha vipande vya amri sawa anajenga na matofali, na mutu wa mu ecran anatembea, anaongea, anajibu. Amri zile anaweza kuziweka mu Kiingereza. Akikosea neno, mutu wake anakwenda njia nyingine, na yeye anacheka na kusahihisha. Ni ya bure, na mukiisha kuishusha mu ordinatere inatumika bila intaneti.

Namna saa moja inaweza kupita

Wengine watauliza: watoto 60, telefone wapi? Hesabu ni hii. Watoto 60, kundi la watoto 5, ni makundi 12. Telefone 12 zinatosha. Telefone 12 zote pamoja ni bei kidogo kuliko pneu moja mupya ya benne kubwa ya mine, na kila mutu wa garage anajua pneu ngapi zinaliwa kila mwaka.

Mu kila kundi kila mutoto iko na kazi: mumoja anaandika, mumoja anachora ao anachagua picha, wawili wanaongea, mumoja anasahihisha. Wiki inayokuja wanabadilisha. Sheria hiyo ya kubadilisha ni ya lazima, juu bila hiyo tunajua itakuwa aje: wavulana wanashika telefone, wabinti wanaangalia nyuma ya mabega. Kwanza wanaandika ku kaye, mwalimu anapita kuangalia, kisha njo wanashika telefone. Dakika za mwisho, makundi mawili yanaonyesha kazi yao mbele ya wote. Mutoto anayejua kama wenzake watamusikia, anatafuta neno mpaka analipata.

Bila intaneti, inawezekana?

Mega ni bei nguvu, na mu cité mingi umeme unakatika kila siku. Ni kweli. Lakini kuna watu waliofikiria shida hiyo. Kolibri ni programu ya bure iliyofanywa kwa ajili ya masomo yasiyo na intaneti: munashusha masomo mara moja mahali penye intaneti nzuri, munaweka mu ordinatere moja, na telefone za kalasi zinaingia mule bila kulipa hata mega moja. Kiwix inafanya hivyo kwa Wikipedia. Hadithi za African Storybook zinaweza kushushwa mu mujini na kuletwa mu carte mémoire. Panneau moja ya jua na batterie inatosha kujaza telefone za kalasi moja. Kwa hiyo anayetuambia "bila fibre hakuna kitu", tumuombe aangalie tena.

Maneno ya wale wanaopinga

Muzazi mumoja anasema: "Telefone inabomoa batoto." Tunamusikia. Telefone ambayo mutoto anapewa usiku bila mukubwa, inaweza kumubomoa kweli. Lakini telefone ya kalasi, inayobaki ku masomo mu sanduku lenye kufuli, yenye kazi moja na saa moja, ni chombo kama meule: mukononi mwa fundi inakata chuma, mukononi mwa mulevi inakata kidole. Tunaongeza sharti: sura na majina ya watoto wetu yasiwekwe ku intaneti, na compte ifunguliwe kwa jina la masomo.

Mwingine anasema: "Viti haviko, toiture inavuja, na munasemea ordinatere?" Hiyo hoja iko na uzito kupita zote. Mahali toiture inavuja, toiture ianze, na syndicat itasimama pamoja na wazazi. Lakini tukubali pia kama mu masomo mingi yaliyojengwa karibu na mine, viti viko, rangi iko mupya, na Kiingereza bado kinakopiwa ku tablo. Viti peke yake havifundishe.

Wa tatu anasema: "Bakubwa ba kampuni ni Bachina, Kiingereza cha nini?" Mujibu ni mufupi: kampuni zinauzishwa na kununuliwa. Gécamines ilirithi Union Minière, na kisha yake machimbo yamepita mu mikono ya watu wa mabara yote. Mutoto wetu hajui muzungu wake wa kesho atatoka wapi. Anayejua lugha haogope mabadiliko.

Wa ine anasema leo kuna programu zinazotafsiri na kuandika zenyewe, kwa hiyo kujifunza ni kupoteza muda. Muulize huyo: mu shimo, mu kelele ya mashine, wakati radio ya kazi inatoa onyo, utatoa telefone utafsiri? Programu hizo zinaweza kumusaidia mwalimu kutayarisha somo. Lakini mutoto anayeiomba mashine imuandikie yote, ni kama mwanafunzi wa soudure anayemulipa mwenzake amushonee. Ndiyo maana kaye inaanza, na kinywa kinamaliza.

Franga zitoke wapi?

Hapa njo syndicat inaingia. Code minier iliyorekebishwa mu mwaka 2018 inalazimisha kampuni mambo mawili yanayotugusa. La kwanza ni cahier des charges, ahadi ambazo kampuni inaandika pamoja na jamii zinazoishi karibu na machimbo. La pili ni dotation ya 0.3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii hizo. Kampuni inayouzisha kwa dolari milioni 1,000 mu mwaka, 0.3% ni dolari milioni 3. Zaidi ya hayo, 15% ya redevance minière inapaswa kwenda ku entité ya mahali mine iko. Franga zinaandikwa mu sheria. Shida ni namna tunaziombea.

Tumeona mara ngapi? Kampuni inajenga salle ya ordinatere. Mukubwa anakuja, anakata ruban, picha inapigwa. Kisha miezi sita ukipita pale, mulango umefungwa. Ufunguo uko kwa mutu mumoja. Mwalimu wa Kiingereza hajawahi kuingia. Hakuna aliyemufundisha, hakuna bajeti ya umeme, na mashine ya kwanza iliyokufa ilitisha wote. Ku rapport imeandikwa: "Mradi umekamilika." Kwa hesabu ya kampuni, ordinatere 20 zimetolewa. Kwa hesabu ya mutoto, sifuri.

Kwa hiyo tunadai mambo matano yaandikwe wazi mu kila cahier des charges mupya na mu kila mradi wa dotation unaogusa masomo:

1. Mwalimu afundishwe kwanza, mbele vyombo havijafika, na siku zake za kujifunza zilipwe.
2. Telefone ao tablette za kalasi ziwe za kutosha makundi, zikiwa na programu za bure zilizo tayari ndani, zinazotumika bila intaneti.
3. Panneau, batterie na fundi wa kutengeneza viwe mu bajeti ya miaka yote ya mradi, si ya siku ya ruban tu.
4. Ufunguo na daftari la matumizi vikae mu mikono ya masomo na ya komite ya wazazi, na daftari lisomwe mbele ya wazazi kila trimestre.
5. Mradi upimwe kwa kazi za watoto: hadithi ngapi, michezo ya sauti mingapi, nani aliongea. Usipimwe kwa idadi ya makartoni.

Hatuombe zawadi. Zaidi ya nusu ya cobalt ya dunia inatoka mu udongo huu, na cobalt hiyo iko mu batterie za telefone zinazouzishwa mu inchi zote. Ni haki mutoto wa aliyeichimba ashike telefone ile kwa kujifunza, asiione paka mukononi mwa muzungu wa kazi.

Na siye wazazi tuko na sehemu yetu, isiyoomba franga. Mutoto akirudi na hadithi yake ya Kiingereza, tuketi dakika tano, atusomee. Hata kama hatuelewi neno, atuelezee mu Kiswahili. Kueleza kwake kutaonyesha kama ameelewa ao amekopia.

Kesho ukimukuta delegue wako ku porte, mbele équipe haijaingia, muulize maswali mawili: cahier des charges ya kampuni yetu inasema nini juu ya masomo, na nani iko na ufunguo wa salle ya ordinatere? Akikosa jibu, mupe wiki moja. Kisha mumuulize tena, mukiwa wengi.